Kabla hujabuking beach: namna ya kuchagua pa kufikia pwani na visiwani kwa sisi wa Moshi na Arusha

Mtu wa huku kwetu akitaka kwenda bahari anaanza na picha. Anafungua simu, anaona swimingi puli, mnazi umeinamia mchanga mweupe, maji ya bluu mpaka mlangoni, analipa. Afu anafika asubuhi na familia anakuta bahari haipo. Haipo kabisa, imeenda kule mbali kwenye mstari mweupe, hapa mbele kuna mchanga mbichi na majani, ngalawa zimelala ubavu na kina mama wako bize na mwani wao. Anakimbilia mapokezi kulalamika ila hajatapeliwa, ile picha ilipigwa saa kumi jioni na yeye kaingia saa nne asubuhi siku ya bamvua, yani siku maji yanapojaa sana na kupwa sana.

Kuchagua hoteli ya pwani bila kuuliza mwezi na upepo ni sawa na kununua kihamba, shamba la nyumbani, bila kuuliza mfongo, mfereji wa maji, unapita wapi. Kwaiyo mpangilio ninaoutetea hapa ni kinyume na wa wengi: anza na tarehe, kisha upepo, kisha upande wa pwani, nyumba yenyewe inakuja mwisho kabisa. Ukifuata hivyo hata gesti ya kawaida itakupa likizo nzuri kuliko risoti ya bei mbaya iliyokaa sehemu isiyokufaa.

Hatua ya kwanza: tarehe zako zinaangukia mwezi gani angani

Sizungumzii Juni au Desemba, nazungumzia mwezi ule wa juu. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita hivi, na kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini Zanzibar inafika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu, haiendi mbali na wala haiji juu sana.

Sasa kuna kitu watu wa pwani wanakijua toka utoto na sisi hatuambiwi. Kwa Unguja na pwani ya karibu yake, siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanapwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Inajirudia hivyo hivyo kila mwezi, ikizidi au kupungua ni kidogo tu. Wiki moja baadae, kwenye maji mafu, inageuka, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi. Ukishajua hilo unaweza kupanga siku nzima ukiwa bado uko Majengo au Njiro na hujaongea na mtu yeyote. Bamvua: asubuhi tembea kwenye mchanga mpaka karibu na mwamba, mchana kula, kuanzia saa nane mpaka jua linazama ogelea. Maji mafu: ogelea asubuhi, na hata jioni yakipwa hayaendi mbali sana.

Afu angalia sikukuu zetu. Idd el Fitr ni mwezi mwandamo, maana yake ukienda pwani Idd unakutana na bamvua kila mwaka, hamna namna. Pasaka nayo inahesabiwa kwa mwezi mpevu, ni Jumapili inayofuata baada yake, kwaiyo Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu mara nyingi uko kwenye bamvua au inaanza kupungua. Krismasi haifuati mwezi, hiyo inabidi uangalie mwaka kwa mwaka, mfano 2026 mwezi mpevu ni 24 Desemba, yani wiki ile yote ya sikukuu asubuhi bahari itakuwa mbali. Sio vibaya, watoto wengine wanapenda ule mchanga wa maji yaliyopwa kuliko bahari yenyewe, kuna kaa, kuna samaki wadogo kwenye vidimbwi, kuna makome. Shida ni pale unapoenda bila kujua.

Majedwali ya kupwa na kujaa yapo bure kwenye intaneti, tafuta Zanzibar, Tanga au Dar es Salaam kisha weka tarehe zako.

Hatua ya pili: upepo wa msimu huo

Hapa ndo wengi wa Arusha na Moshi tunapoumia, sababu likizo ya shule ya katikati ya mwaka ni Juni, na Juni Julai huku ni baridi, kila mtu anawaza kukimbilia joto. Joto kweli lipo, ila kusi nayo ipo. Kusi inaanza kushika Aprili au Mei ikitokea kusini mashariki, Juni mpaka Agosti inakuwa na nguvu, Septemba inalegea. Kaskazi inatokea kaskazini mashariki, kuanzia Desemba mpaka Machi, joto ni kali zaidi na hewa ni kavu kidogo. Katikati hapo, kusi imeisha na kaskazi haijakaza, wenyewe wanaita tangambili, upepo haueleweki na mara nyingi ni mdogo. Mwisho wa Oktoba na Novemba ndo chaguo langu la kwanza kama huna watoto wa shule, bahari inatulia na bei hazijapanda, mvua za vuli zinakuja na kuondoka.

Masika, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, loji nyingi za Mafia na baadhi za Zanzibar zinafunga. Zinazobaki wazi zinashusha bei vizuri tu, ila jiandae kukaa barazani unaangalia mvua.

Ukiangalia ramani, upande wa mashariki wa Unguja, yani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani, unapigwa na kusi na unapigwa na kaskazi, ndo maana Paje imekuwa kijiji cha watu wa kite, wale wanaoteleza majini wakivutwa na kishada, wanaozunguka dunia kutafuta upepo. Mwamba wa mbele unazuia mawimbi makubwa kwaiyo maji ya ndani ni matulivu, ila mwamba hauzuii upepo. Mama anayetaka kusoma kitabu chini ya mwavuli Julai pale Paje atakula mchanga mpaka jioni. Na watoto wanaocheza majini wanachanganyika na vishada na kamba zake, hilo mi silipendi kabisa, ukiwa na wadogo tafuta sehemu ya ufukwe ambayo kite haziruhusiwi au hama kijiji. Kinyume chake kama una kijana anataka kujifunza kite, Juni mpaka Septemba au Januari na Februari ndo wakati wake, mpeleke huko huko.

Hatua ya tatu: chagua upande, sio jina la kisiwa

Watu wanasema "tunaenda Zanzibar" kana kwamba ni sehemu moja. Fungua Google Maps, weka picha ya setilaiti, sogeza karibu na ile hoteli unayoitaka. Mstari mweupe mbele ya ufukwe ni mawimbi yanavunjika kwenye mwamba. Eneo la rangi nyepesi kati ya mchanga na ule mstari ndo linaloweza kukauka au kubaki na maji ya magotini. Pima huo umbali, simu inakupimia. Paje na Jambiani inazidi kilomita moja. Bluu iliyokoza ikiwa imesogea karibu na mchanga, hapo kuna kina, utaogelea hata maji yakipwa. Ukiona kijani kizito kinagusa maji hiyo ni mikoko, na penye mikoko tegemea tope, pazuri kwa kupiga kasia na kuona ndege ila sio kwa kuoga bahari.

Kwa mtu anayetaka kuogelea saa yoyote bila kuangalia jedwali, Unguja jibu ni Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi. Maji hayaendi mbali, kusi haiwapigi moja kwa moja, na jua linazama baharini mbele yako. Hasara ni kelele, msongamano, na bei. Michamvi Kae, ile ncha inayoangalia ghuba ya Chwaka, nayo inatazama magharibi japo iko upande wa mashariki wa kisiwa, inajificha na upepo wa kusi vizuri na ni tulivu kuliko Nungwi, ila huko panataka usafiri wako au uwe tayari kula hapo hapo ulipofikia.

Jambiani naipenda kwa sababu kijiji ni kijiji, sio geti na askari. Unaamka unasikia watoto wanaenda chuoni, yani madrasa, kina mama wanashuka kwenye mwani maji yakipwa, wavuvi wanasubiri yajae watoke na ngalawa. Siku nzima inaendeshwa na maji na baada ya siku mbili na wewe unaingia kwenye huo mwendo. Ukienda Julai uliza pia tarehe za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, ni jirani tu, na vyumba vya karibu vinajaa.

Sasa niseme kuhusu Tanga, maana inasahaulika na ndo bahari yetu ya karibu zaidi. Kutoka Moshi ni kama kilomita 350, unapita Same, Mombo, Korogwe, pale Segera unakata kushoto. Ukiwa unaenda Pangani, kuna njia ya kuingilia Muheza bila kufika Tanga mjini. Ufukwe wa Ushongo uko kusini ya mto Pangani, unavuka na kivuko kwenda Bweni kisha unaendelea. Maji yanapwa huko pia, ila sehemu kubwa chini ni mchanga na watu ni wachache, ukikaa siku tatu unawajua wote. Masika mto unashusha tope na maji ya karibu na mdomo wake yanageuka kahawia, kwaiyo usiende mwezi wa nne ukategemea bluu. Na kuna kile kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga katikati ya bahari, maji yakijaa kinazama chote, yakipwa kinatokea. Safari ya kule inapangwa na bamvua na maji mafu, sio na wewe, ndo maana inafaa uulize kabla ya kuchagua tarehe. Kwa familia yenye watoto na bajeti ya shilingi, mi nasema Pangani kabla ya Paje, na nalisema hilo kwa kila anayeniuliza.

Pemba ni ya mtu anayetaka kijani na ukimya, ufukwe wa Vumawimbi kule kaskazini, msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali. Vyumba ni vichache na hakuna mambo ya kila hatua mgahawa. Mafia ni ya mtu anayetaka kuona chini ya bahari, hifadhi ya bahari ipo toka 1995, unakaa Utende au unavuka kwenda Chole, na papa potwe (whale shark) wanaonekana zaidi Oktoba mpaka Februari upande wa Kilindoni. Kufika kwa nchi kavu ni mpaka Nyamisati, kisha boti au kivuko, na hapo umeshatoka Moshi siku moja na nusu, kwaiyo Mafia usiende kwa siku tatu.

Hatua ya nne: hesabu njia kabla ya kuhesabu usiku

Basi la asubuhi kutoka Arusha linakufikisha Dar jioni, boti ya mwisho ya Zanzibar huenda imeshaondoka, unalala Dar na hela ya usiku mmoja imeenda. Toka mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023, wengi tunapanda usiku, asubuhi uko stendi ya Mbezi, Dar, unaenda bandarini, boti iendayo kasi ni kama masaa mawili. Weka nafasi ya foleni. Beba kitambulisho, cha NIDA au kingine kinachokubalika, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiweke karibu. Kusi ikiwa kali kaa chini na nyuma ya boti, usikae mbele, na kama tumbo ni dhaifu meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, sio baada ya kuanza kutapika.

Ndege ndogo za kutoka uwanja wa Kisongo au KIA zinafika ndani ya saa moja na kitu, ila mzigo ni kilo 15 mara nyingi na wanataka begi laini.

Desemba tuna bahati yetu, wakati wenzetu wote wanapanda kuja Kilimanjaro mabasi ya kushuka yana nafasi. Ila ukisema utaenda pwani baada ya mwaka mpya, tarehe 2 mpaka 5 Januari mji mzima unarudi Dar, tiketi kata mapema sana.

Na acha siku moja ya akiba kabla ya kurudi kazini. Upepo ukizidi boti zinasimamishwa, na zikisimamishwa usigombane na mtu wa tiketi. Julai 2012, msimu wa kusi, MV Skagit ilizama ikitoka Dar kwenda Unguja na watu wengi walikufa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na vyombo vikazuiwa kusafiri. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisome asubuhi na jioni ukiwa kisiwani, wanatoa tahadhari ya mawimbi na upepo mkali bure.

Hatua ya tano: muulize mwenye nyumba, tena kwa WhatsApp ili ibaki maandishi

Rivyuu zinasaidia ila waandishi wake wengi wanatoka nje na wanachotafuta sio unachotafuta wewe. Andika kitu kama hiki:

"Habari za leo kaka, naandika kutoka Moshi. Tupo watu wazima wanne na watoto watatu, tunategemea kuja tarehe 20 mpaka 24. Naomba kujua siku hizo maji yanapwa saa ngapi hapo mbele yenu, na yakipwa tunaweza kuogelea au mpaka yajae? Msimu huu upepo unaingia vyumba vya mbele? Maji ya bafuni yana chumvi au hayana? Umeme ukikatika kuna jenereta? Na kama haitakuwa usumbufu nitumie kavideo ka ufukwe kesho saa nne asubuhi."

Jibu la mtu huyu ndo linakuambia unakoenda. Akikujibu "bahari ipo muda wote karibuni sana" na ramani inaonyesha kilomita nzima ya rangi nyepesi, achana naye. Akikuambia ukweli, "kaka asubuhi hamtaweza ila kuanzia saa nane ni safi na nina mtu wa kuwatembeza mwambani", huyo mlipe. Kavideo kale nakaona muhimu kuliko picha 40 za tovuti.

Kuhusu maji ya bafuni, visima vingi vya karibu na ufukwe vina chumvi, sabuni haitoi povu, chai inaharibika, ngozi ya mtoto inawasha. Sio sababu ya kutokwenda, nunua tu maji ya kunywa na kupikia. Chumba cha mbele kabisa ni kizuri Novemba, ila Julai chumba cha mstari wa pili kilichokingwa na miti ni bora, makuti yanapiga kelele usiku kucha upepo ukiwa mkali na milango inagonga. Neti uliza, hasa Pangani, Tanga na Mafia, sisi wa ukanda wa baridi hatujazoea malaria ya pwani, na ukirudi nyumbani na homa kapime siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: hela

Uliza bei ya Mtanzania kwa shilingi, ipo sehemu nyingi ila hawaiandiki. Uliza kama ni kwa kichwa au kwa chumba, kama kodi zote zimo, kama kifungua kinywa kimo. Advansi tuma kwenye namba ya lipa yenye jina la biashara, sio namba ya mtu binafsi, na kabla ya kutuma mpigie simu ya sauti. Ukiona anakukimbiza ulipe ndani ya saa moja, acha. Kama ni Ramadhani ujue mchana sehemu za kula nje ya hoteli zinafungwa, kwaiyo chukua sehemu yenye jiko au inayopika.

Hatua ya saba: umefika

Jioni ya kwanza mtafute askari wa zamu au mvuvi yeyote mzee, msalimie vizuri, shikamoo kwanza, afu muulize kesho maji yanapwa saa ngapi na wapi hapapitiki. Atakuambia vitu ambavyo hakuna apu inayo, wapi mkondo unavuta, wapi kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, wapi mwani wa watu usikanyage maana ile ni shamba la mtu kama migomba yako ilivyo shamba. Vaa viatu vya mpira, yeboyebo za mtumba pale soko la Memorial Moshi zinatosha kabisa, mwamba unakata na kidonda cha baharini kinachelewa kupona. Kijijini jifunge kanga au vaa tisheti, mavazi ya kuogelea yaishie mchangani.

Ukitembea kwenda mwambani nenda maji yakiwa bado yanapwa, na yakifika chini kabisa anza kurudi, usisubiri uone yanakuja. Yakianza kurudi yanaanza taratibu kisha saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na yanajaza kwanza mifereji ya nyuma yako, upande wa nchi kavu, wakati pale uliposimama bado pakavu. Mtoto asiende bila mtu mzima wa pale kijijini. Mlipe huyo mtu, mkubaliane bei kabla, na akisema turudi, mrudi.